Tumeziazima Tu

Sogeeni karibu, jamani, na wewe mwenye haraka kaa chini kidogo, kwa sababu barabara unayoikimbilia ndiyo ninayotaka kuisema. Nitawasimulia habari za nyumba moja tu, lakini mkisikia jina lenu humo ndani, msije kunilalamikia mimi.

Ilikuwa Jumapili mchana, na nyumba ya Komeo ilikuwa imetulia. Madirisha yalikuwa wazi, redio ikiimba chini chini, na harufu ya chakula imejaa sebuleni. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha watoto wao wote, alikuwa akipakua. Mdogo wake wa kiume alikuwa kavua viatu mlangoni, kanyoosha miguu chini ya meza, na kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimechungulia nje ya soksi.

"Shemeji," Komeo alimwambia, "hiyo soksi ya kulia ina ugomvi gani na wewe? Ya kushoto nzima kila siku."

"Ya kushoto haifanyi kazi. Ya kulia inakaa kwenye breki."

Na kweli, jina lake mjini lilikuwa Breki. Aliendesha lori la unga kutoka kinuni hadi ng'ambo ya mto, na madereva wenzake walimcheka kwamba husimama hata kuku akipiga chafya. Yeye alicheka nao, akaendelea kusimama.

"Nyumba hii nina bahati gani mimi!" alisema Mwalimu. "Mume Komeo, mdogo wangu Breki. Wote kazi yenu kuzuia. Nani atanisukuma mbele?"

Wakacheka mpaka chakula kikaanza kupoa.

Komeo si jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mhandisi wa madaraja. Zamani fedha za barabara za jimbo zilikaa chungu kimoja na fedha nyingine zote, na barabara zilikuwa zinakula mwisho, tena makombo. Watu wakachoka na mashimo, wakapiga kelele, mpaka baraza likapitisha sheria: katika kila lita ya mafuta itakayouzwa, sehemu yake iingie kwenye Mfuko wa Barabara na Madaraja, na isihamishwe wala isikopeshwe kwa jambo jingine lolote. Mhandisi wetu akawekwa kuutunza. Walikuja watu wenye ndimi tamu, huyu anataka jukwaa la sherehe, yule anataka magari mapya, na wote wakarudi mikono mitupu. Ndipo watu wakasema, mfuko huu una komeo, na jina likamkaa. Alilipenda jina hilo kuliko cheo chake.

Siku hiyo mezani Mwalimu alikuwa na kesi yake mwenyewe, ya sufuria kubwa. Jirani aliichukua kwa ajili ya wageni, na alipofuatwa akasema kampa wifi yake, na wifi naye kampa mtu wa mtaa wa pili.

"Nikamuuliza, dada, sufuria yangu inatalii? Ananijibu, 'Usijali Mwalimu, tumeiazima tu.' Kuazima huko! Mtu akiazima, kitu kinarudi chenyewe. Akichukua chumvi yangu amekopa, maana chumvi inaliwa, ataniletea nyingine. Sufuria hailiwi."

"Dada," Breki alisema, "kwani hata Jumapili tuko darasani?"

"Wewe na soksi hiyo ulitakiwa kurudia la kwanza."

Komeo alicheka na mdomo umejaa. Neno hilo, kuazima na kukopa, likamkaa kichwani kama wimbo wa redioni. Mara simu yake ikalia. Alikuwa Mkuu wa jimbo, akimtaka ofisini kesho yake asubuhi na mapema.

Sasa msimchoree Mkuu pembe, nawaombeni. Hakuwa mwizi. Walimu wa jimbo zima walikuwa hawajalipwa kwa miezi, na walikuwa wametangaza kwamba wataweka chaki chini. Mkuu alikuwa hajalala, macho mekundu, na maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Fungua mfuko, Komeo," alisema, hata salamu haijaisha. "Walimu kwanza."

"Siwezi, Mkuu. Sheria imesema fedha hizi hazihamishwi wala hazikopeshwi. Na mwaka huu ni zamu ya daraja la mtoni."

"Daraja limesimama toka tuko watoto. Litaanguka mwaka huu kwa kumkomoa nani?"

Komeo alilijua daraja lile. Yeye mwenyewe kiangazi kile alikuwa ameingia chini ya daraja kwa magoti, akakwangua chuma kwa kisu, na chuma kikammwagikia mkononi magamba magamba, chekundu na chepesi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba daraja lile litengenezwe kabla ya mvua. Hakuhitaji mtu wa kumwambia.

"Na mkeo?" Mkuu aliuliza kwa upole. "Amelipwa?"

Hapo mawazo ya Komeo yalikwenda nyumbani. Aliviona viatu vya Mwalimu, vile alivyovibandika gundi mara mbili na bado vinafungua midomo. Alimkumbuka anavyotoka asubuhi akijikaza, anavyokwepa kupita dukani kwa aibu ya kuomba tena. Alimpenda mkewe, jamani, na hilo silo kosa. Kosa lilikuwa kinywani.

"Sheria inasema hazikopeshwi," alisema polepole. "Haisemi haziazimwi."

Mkuu aliinua kichwa. "Rudia."

"Tukiziazima, zikimaliza kazi zinarudi zenyewe mahali pake. Huo si mkopo."

Mkuu alipiga meza akacheka kicheko cha mtu aliyetolewa mwiba. "Komeo wewe! Kumbe una ufunguo!" Akamwita katibu wake waandike, na neno likaandikwa hivyo hivyo: fedha zimeazimwa, zitarudi kabla ya mvua.

Hapa ndipo mimi hukasirika kila nikisimulia, na mnivumilie. Mhandisi mzima, anayejua chuma kikiliwa na kutu hakirudi kuwa chuma, alijidanganya kwamba mshahara ukishaliwa utarudi kuwa mshahara. Alikuwa amefundishwa mezani kwake jana yake tu, na chakula akapakuliwa. Alichukua somo zima akaacha maana yake, akaondoka na neno tupu.

Walimu walilipwa. Lo, furaha iliyoje! Mwalimu alirudi nyumbani na viatu vipya, akavivaa sebuleni akitembea huku na huku kama mgeni rasmi. Alinunua sufuria mpya, maana ile ya zamani ilikuwa bado inatalii, na bunda la soksi kwa ajili ya mdogo wake. Akamshika Komeo shavu akamwambia, "Hatimaye wametukumbuka." Komeo akaangalia pembeni, akasema amechoka na kazi. Hakumwambia zilikotoka.

Neno lile nalo halikukaa ofisini. Wiki chache tu, polisi wakaja kuazima kidogo kwa ajili ya matairi. Hospitali ikaazima kwa ajili ya magodoro, na nani angekataa magodoro ya wagonjwa? Halafu wakaja wanaotaka zulia la ukumbi wa mapokezi, na wao walikuja na neno lile lile, tena wakilitamka kwa adabu kabisa. "Tunaazima tu, Bwana Komeo." Alijaribu kukataa. Wakamuuliza, kwani wengine waliazima kwa sheria ipi? Akawafungulia, kwa sababu sheria hiyo aliitunga yeye kwa ulimi wake. Kila aliyetoka alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na hakuna aliyerudisha chochote. Mfuko ukabaki jina na kibao cha mlangoni.

Mvua zikakaribia. Jumapili nyingine ikafika, meza ile ile, na Breki kavaa soksi mpya.

"Shemeji," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Lile daraja linacheza. Nikifika katikati nalisikia kwenye usukani. Nipite, au nizungukie?"

Kuzunguka mto ilikuwa safari ya nusu siku, kwa njia mbovu ya vilimani. Mwenye lori asingekubali bila sababu, na sababu ilikuwa moja tu, na ilikuwa mdomoni mwa Komeo. Akisema zungukia, Breki angeuliza, mbona halitengenezwi na tunalipia kila lita? Na Mwalimu alikuwa amekaa pale pale, viatu vipya miguuni, anasubiri jibu naye.

"Pita tu," Komeo alisema. "Litatengenezwa. We pita taratibu."

"Haya. Wewe ndiye mwenye madaraja." Breki akaendelea kula, roho imetulia.

Komeo hakuweza kumaliza chakula chake. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa, akasema ni tumbo.

Mvua ilianza katikati ya wiki, ikapiga usiku kucha. Asubuhi yake Komeo alikuwa ofisini akitazama maji yanavyoteremka kwenye kioo cha dirisha. Aliishika simu ampigie shemeji yake, akaiweka. Angemwambia nini? Akaishika tena, na kabla hajabonyeza ikalia yenyewe. Alikuwa dereva mmoja wa kinuni, anapiga kelele juu ya sauti ya mvua.

"Mzee, njoo mtoni! Daraja limekwenda! Breki yumo!"

Komeo alitoka mbio. Hakumbuki alivyoshuka ngazi wala nani alimpeleka. Alichokumbuka maisha yake yote ni mto ulivyokuwa: maji ya matope, na juu yake unga, mweupe, umetanda mpaka kwenye kona. Nusu ya daraja haikuwepo. Lori lilikuwa limeinama, kichwa chini kwenye vyuma, mkia juu.

Watu walimweleza kwa kudakizana. Breki alisimama kabla ya kupanda daraja, kama kawaida yake. Kulikuwa na wanafunzi wanavuka kwa miguu, akawasubiri wote wapite, na madereva wa nyuma wakampigia honi na kumtukana. Wa mwisho alipofika ng'ambo ndipo akaingia, taratibu. Daraja lilikatika akiwa katikati. Watoto walikuwa wamesimama upande wa pili, wakaona kila kitu.

Walimtoa kwa kamba, akiwa hai. Mguu wa kulia ulikuwa umebanwa kwenye pedeli, na ulitoka umepondeka. Na hospitali, ndugu zangu, hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto. Ilibidi gari lizungukie njia ya vilimani, nusu siku nzima kwenye matope, Komeo amekaa nyuma amekishika kichwa cha shemeji yake mapajani na kumwambia tunafika, tunafika. Walipofika, daktari aliutazama mguu akatikisa kichwa. Wangewahi, alisema, labda ungeokolewa.

Walimkata mguu siku ile ile.

Mwalimu alifika kesho yake kwa njia hiyo hiyo ya kuzunguka. Alikaa pembeni ya kitanda akimpangusa mdogo wake uso kwa kitambaa, halii, anapangusa tu. Komeo alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Alikuwa anatafuta pa kuanzia kusema.

Mkuu akamtangulia. Aliingia na matunda, kofia mkononi, uso umemshuka. Aliwapa pole wote, kwa moyo kabisa, kisha akamgeukia Mwalimu akitaka kumfariji.

"Mwalimu, ni majaribu. Lakini tusimlaumu mtu. Zile fedha za daraja tusingeziazima, nyinyi walimu mngekuwa hamjalipwa mpaka leo. Mumeo ndiye aliyetuokoa siku ile, kwa lile neno lake."

Mwalimu aliacha kupangusa.

"Neno gani?" aliuliza.

Mkuu alimtazama Komeo, akaona amesema asichotakiwa kusema. Akaaga haraka, matunda akayaacha juu ya kiti.

"Neno gani, mume wangu?"

"Kuazima," Komeo alisema. "Sheria ilikataza kukopa. Nikawaambia... nikawaambia tutaziazima."

Mwalimu alitazama viatu vyake. Aliinama, akavivua kimoja kimoja, akavisukuma chini ya kitanda.

"Kwa hiyo nimelivaa daraja," alisema. "Na sufuria mpya ni daraja. Na zile soksi nilizomnunulia. Ungeniambia! Ningekaa njaa, wallahi, ningeomba dukani mpaka wanifukuze. Uliniona mimi ni mtu wa kuvaa mguu wa ndugu yangu?"

"Nilikuonea huruma."

"Huruma! Na yeye alipokuuliza mezani, mimi nimekaa hapa, yeye amekaa pale, akakuuliza nipite au nizungukie? Huo mdomo wa kumwambia pita uliutoa wapi?"

Komeo alipiga magoti pale pale sakafuni, kwenye harufu ya dawa. Alilia kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia. Breki alifungua macho. Alikuwa amesikia yote.

"Nilipita taratibu," alisema. "Kama ulivyoniambia, mheshimiwa."

Mheshimiwa. Miaka yote alimwita shemeji, tena kwa utani na matusi ya mapenzi, akimdai mahari upya kila sikukuu. Siku ile alimpa heshima, na heshima ile ilimchoma Komeo kuliko kama angetemewa mate.

Baraza liliitisha kikao, na Komeo alikwenda bila kusukumwa. Walimtaka aseme kwamba mvua ilizidi. Wengine waliuliza kama dereva hakuwa amezidisha mzigo. Alisimama akasema: "Mvua ni ile ile ya kila mwaka. Na dereva ndiye mtu pekee aliyefanya kazi yake. Daraja nililijua limeoza, nikatoa fedha zake, na nikampitisha juu yake mtu aliyeniamini." Akawaeleza na neno alivyolipata. Wapo waliocheka, wakidhani anatania, mpaka aliporudia lile lile mara ya pili.

Alifukuzwa kazi, na ilikuwa haki. Sheria ya mfuko ikaandikwa upya. Sasa inasema fedha hizo hazihamishwi, hazikopeshwi wala haziazimwi, na hakuna mtu mmoja, hata awe nani, anayeweza kuutoa hata ujira wa fundi kwa mdomo wake. Daraja jipya linajengwa. Linakwenda polepole, maana mfuko ulioliwa haujai kwa kutunga sheria, na wagonjwa bado wanazungushwa vilimani.

Breki siku hizi hukaa kinuni getini, anaandikisha malori yanayotoka. Jumapili bado huja kwa dada yake, na magongo yake huyaegemeza ukutani pale alipokuwa anaacha viatu. Komeo humvutia kiti, humnawisha mikono, humwekea chakula kwanza. Breki hushukuru. "Asante, mheshimiwa." Juzi juzi Mwalimu alifungua kabati akakuta lile bunda la soksi alilokuwa akimtunzia mdogo wake. Za kushoto zilikuwa zimevaliwa. Za kulia zilikuwa bado zimekunjwa vizuri, mpya, hazijatoboka hata moja, na akakaa kitandani nazo mapajani mpaka chakula kikaungua jikoni.

FUNZO

Ndugu zangu, fedha iliyotengwa kwa ajili ya barabara iachwe barabarani. Msiniambie kuna shida kubwa zaidi. Siku zote itakuwepo, na nyingine itakuwa ya kweli kabisa, kama ile ya walimu. Mwalimu asiyelipwa atalia, mgonjwa atalia, polisi atalalamika, lakini daraja halina mdomo, na ndiyo sababu tuliliwekea mfuko wake. Ukitaka kumlipa mwalimu, mtafutie fedha zake, usimlishe daraja bila yeye kujua.

Na wewe uliyepewa ufunguo, tazama maneno yako. Mtu akikuletea neno laini kwa jambo gumu, muulize: kinarudi chenyewe, au kinaliwa? Kama kinaliwa, si kuazima. Na ukiulizwa na anayekuamini kama apite au azungukie, mwambie ukweli hapo hapo mezani, hata kama utaona aibu mbele ya mkeo. Komeo leo angetoa vyote alivyo navyo apate aibu ile, aitwe shemeji tena.